Maumivu ya kiwiko: kano ya nje, kano ya ndani, au kano iliyokatika?

Hapa Bagamoyo maumivu yote ya kiwiko, ambacho wazee wetu hukiita kisugudi, yana jina moja: mshipa. Fundi wa majahazi atakwambia mshipa umevutika, mama anayekuna nazi za wali wa biashara atakwambia mshipa umekaza, na kijana aliyenyanyua gunia la chumvi kule Nunge akasikia kitu kikialika ndani ya mkono kama kamba inayokatika, atakwambia mshipa umeteguka. Kwa kuwa jina ni moja, tiba nayo imekuwa moja: kuchuliwa kwa mafuta, kidonge cha diklofenaki kutoka duka la dawa, na hayo yakishindwa, sindano. Watu hawa watatu, hata hivyo, hawana ugonjwa mmoja. Wawili wa kwanza wana nafasi ya kujaribu tiba hii na ile kwa miezi kadhaa bila kupoteza kitu kikubwa. Wa tatu, kama kano yake imekatika, ana wiki mbili au tatu tu za kuamua, na zikipita hazirudi. Ndiyo maana nimeona nizipange hali hizi sambamba, pamoja na tiba zake, ili mtu ajue anachokichagua na gharama yake.

Aliyewahi kuchuna mbuzi anaifahamu kano hata kama hajui jina lake. Ni ule ukanda mweupe, mgumu na wenye kung'aa unaopatikana mwishoni mwa nyama, pale nyama inaposhikana na mfupa. Nyama ndiyo msuli, nao kazi yake ni kuvuta; kano ni kamba inayoupeleka mvuto huo kwenye mfupa. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, na kwa sababu hiyo ikiharibika hupona kwa wiki nyingi na pengine kwa miezi.

Sasa uning'inize mkono ubavuni, kiganja kikitazama mbele, kisha ukipapase kiwiko kwa mkono mwingine. Utakuta vinundu viwili vya mfupa: kimoja cha nje, upande wa kidole gumba, na kimoja cha ndani, upande wa mbavu. Kinundu cha nje ni nanga ya misuli inayoinua kiganja na kunyoosha vidole. Cha ndani ni nanga ya misuli inayokunja kifundo cha mkono na kukigeuza kiganja kitazame chini. Mbele, kwenye kunjo la kiwiko, hupita kano ya ule msuli unaotuna mtu akikunja mkono, na nyuma, kwenye ncha ya kiwiko, hushika kano ya msuli unaounyoosha. Ukikijua kinundu kinachokuuma, nusu ya ulinganisho huu umekwisha kuufanya mwenyewe.

Nje na ndani

Maumivu ya kinundu cha nje ndiyo yanayoongoza kwa wingi. Madaktari wa Uingereza waliyapa jina la kiwiko cha tenisi tangu mwaka 1883, wakati mchezo huo ulipokuwa umeanza kupendwa, na jina hilo limeng'ang'ania ingawa wengi wa wanaougua hawajawahi kushika raketi. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 35 na 55, wake kwa waume, na mara nyingi kwenye mkono unaotumika zaidi. Inakisiwa kwamba kila mwaka mtu mmoja hadi watatu katika kila watu wazima 100 hupata tatizo hili.

Watu wengi hushangaa kuona kwamba kinachowauma si kukunja kiwiko bali kushika kitu. Sababu yake ni hii: vidole haviwezi kushika kwa nguvu isipokuwa kifundo cha mkono kimevutwa nyuma kidogo na kushikiliwa hapo. Jaribu kukikunja kifundo chini kabisa kisha ufunge ngumi, utaona ngumi haina nguvu. Misuli inayokishikilia kifundo hicho ndiyo yenye nanga kwenye kinundu cha nje, na hasa kano ya mmoja wao ndiyo huchakaa. Fundi anayechonga ubao wa jahazi kwa tezo kutwa nzima hudhani anafanya kazi ya bega, kumbe kila pigo hushikiliwa na kano ile ndogo. Mama anayekamua kanga na mashuka, au anayekamua tui kwa kifumbu asubuhi na jioni, anaitumikisha vilevile. Mwanzoni maumivu huja baada ya kazi. Baadaye huja wakati wa kumimina chai kutoka kwenye birika. Mwishoni hata kupeana mkono na mgeni huwa shida.

Maumivu ya kinundu cha ndani, yanayoitwa kiwiko cha gofu, ni machache zaidi: kwa kila mgonjwa mmoja wa ndani, wa nje huwa watano hadi kumi. Huletwa na kazi za kukunja kifundo kwa nguvu na kugeuza kiganja chini, kama vile kuvuta juya ufukweni, kupiga makasia, au kufua nazi kwenye kifuo, pale mfuaji anapoikandamiza nazi na kuizungusha ili kumbi litoke. Sisemi kwamba kila mvuvi ataumwa ndani na kila fundi ataumwa nje, kwa kuwa kazi moja huweza kuumiza pande zote mbili, lakini kazi ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Tofauti kubwa ya pande hizi mbili ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Nyuma ya kinundu cha ndani, karibu kabisa na ngozi, hupita neva iendayo kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kile kinachofuata. Ndiyo ile inayotoa mshtuko mtu akijigonga kiwiko. Kano ya ndani ikiumia, neva hii nayo mara nyingi hubanwa au kuwashwa, na mgonjwa huhisi ganzi au vijisindano kwenye vidole hivyo viwili. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu zaidi na upande wa ndani. Anayekuchua kwa kidole gumba nyuma ya kinundu hicho anaisugua neva moja kwa moja, na sindano ikichomwa kando kidogo huweza kuijeruhi. Ganzi isiyokwisha, au kiganja kinachoanza kukonda, hutaka daktari hata kama maumivu yenyewe ni madogo.

Jaribio la nyumbani linalotofautisha pande hizi ni jepesi. Simama nyuma ya kiti cha plastiki, nyoosha mkono, kishike kiti kwa juu kiganja kikitazama chini, kisha ukiinue. Maumivu yakichoma kwenye kinundu cha nje, elekea kuamini kuwa ni kano ya nje. Kisha laza kigasha mezani kiganja kikitazama juu, jaribu kukikunja kifundo huku mkono mwingine ukikizuia. Maumivu yakichoma kinundu cha ndani, basi kano ya ndani ndiyo inayolalamika. Ikiwa majaribio yote mawili hayaumizi kitu, na maumivu yanaanzia shingoni na kushuka, au kiwiko chenyewe kimevimba, kina joto na mwili una homa, tatizo huenda si la kano na ulinganisho huu haukuhusu, nenda ukapimwe. Uvimbe laini kama yai kwenye ncha ya nyuma ya kiwiko nao si kano, ni kifuko cha ute kilichojaa maji.

Jambo moja lazima lieleweke kabla ya kufika kwenye tiba. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kano hizi zimevimba kwa moto wa ndani, kama jipu linavyovimba. Mwaka 1979 madaktari wawili wa Marekani, Nirschl na Pettrone, walieleza walichokikuta katika kano walizozifanyia upasuaji: chembe za uvimbe zilikuwa chache mno, bali nyuzi za kano zilikuwa zimevurugika, kama kamba ya katani iliyoanza kufumuka, na katikati yake vimishipa vipya vya damu. Kwa hiyo kano hii ni kama kamba iliyochakaa na kushonwa vibaya. Dawa ya kutuliza uvimbe huweza kupunguza maumivu, lakini haisuki upya nyuzi zilizofumuka.

Kano inapokatika

Hali ya tatu haifanani na hizo mbili hata kidogo, na inasikitisha jinsi inavyochanganywa nazo. Jirani yangu mmoja, mchukuzi mwenye umri wa miaka 40 na kitu, alidaka kasha la samaki lenye barafu lililokuwa likiteleza kutoka kwenye gari. Alisikia mwaliko mbele ya kiwiko, akaona moto kwa dakika chache, kisha maumivu yakapungua. Kesho yake mkono ulikuwa mweusi kwa damu iliyovilia kutoka kwenye kunjo la kiwiko hadi katikati ya kigasha. Aliambiwa ameteguka, akachuliwa kwa wiki tano. Alipofika kwa daktari wa mifupa, kano ilikuwa imekwisha kupanda juu na kushikamana na nyama ya huko.

Hiyo ndiyo kano ya mbele, inayokatika zaidi kwa wanaume wa kati ya miaka 40 na 60, kwa tukio moja la ghafla, pale mkono uliokunjwa unaponyooshwa na uzito usiotarajiwa. Wavuta sigara na wanaotumia homoni za kujenga misuli wako katika hatari zaidi. Dalili zake ni mwaliko, damu kuvilia, na msuli wa mkono wa juu kujikusanya juu kama mpira. Upo pia mtihani mmoja mzuri: kunja kiwiko kiwe kama pembe ya ubao, kiganja kikitazama usoni, kisha uingize kidole cha shahada cha mkono mwingine kutoka upande wa nje kwenye kunjo la kiwiko, kama unayetaka kuitundika kano kwa kulabu. Kwenye mkono mzima utainasa kamba nene iliyokaza. Kwenye mkono ulioumia, usipopata cha kunasa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa nako kuna uchaguzi wa kufanya. Bila upasuaji, mkono hupoteza takriban asilimia 40 ya nguvu ya kugeuza kiganja juu na asilimia 30 ya nguvu ya kukunja. Mzee ambaye kazi zake ni nyepesi anaweza kuishi na hasara hiyo, na madaktari wengi watamkubalia. Lakini fundi anayezungusha bisibisi na keke, au mchukuzi, atayahisi mapungufu hayo kila siku ya maisha yake. Kwake yeye upasuaji wa kuirudisha kano kwenye mfupa ni bora, na ni rahisi zaidi ndani ya wiki mbili au tatu za mwanzo. Baada ya hapo kano hufupika, na huenda ikahitajika kuungwa kwa kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mwili. Kazi nzito hurudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita.

Kano ya nyuma hukatika kwa nadra, mara nyingi mtu anapoanguka na kujizuia kwa mkono. Asiyeweza kuunyoosha mkono kuelekea dari, au kujisukuma kwa mkono huo ainuke kitini, apigwe picha ya eksirei haraka, kwa kuwa kano hii mara nyingine hubandua kipande cha mfupa.

Naongeza neno kuhusu antibayotiki, kwa sababu hapa kwetu hununuliwa kama peremende. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitaka siprofloksasini na ndugu zake ziwekewe onyo kali kwamba zinaweza kudhoofisha kano hadi ikatike. Kano ya kisigino ndiyo inayoathirika zaidi, lakini za mikono hazijasalimika, na hatari huongezeka kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 na kwa anayetumia pia dawa za steroidi, ambazo ni dawa kali za kutuliza uvimbe. Anayemeza siprofloksasini kisha kano yoyote ikaanza kumuuma, amwone daktari kabla ya kidonge kinachofuata.

Kusubiri, mazoezi, mkanda au sindano

Kwa kano za nje na za ndani, habari njema ni kwamba wagonjwa wengi sana, wapatao wanane hadi tisa katika kila kumi, hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja hata bila tiba kubwa. Swali ni namna ya kuupitisha mwaka huo, hasa kwa mtu ambaye mkono ndio unaompa chakula.

Watu huulizia sindano kwanza. Lazima tutofautishe mbili: ile inayochomwa makalioni, ambayo ni diklofenaki na hutuliza kwa saa chache, na ile ya steroidi inayochomwa kwenye kinundu chenyewe. Hii ya pili ndiyo yenye sifa kubwa mitaani, na sifa hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 185 wa kiwiko cha nje, waliogawanywa kwa kura katika makundi matatu. Baada ya wiki 6, katika kila wagonjwa 100 waliochomwa sindano ya steroidi 92 walikuwa wamefanikiwa, waliopewa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, 47, na waliopewa ushauri na kusubiri 32. Mtu akiishia hapo ataikimbilia sindano. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Baada ya wiki 52, waliofanikiwa kwa sindano walikuwa 69 katika kila 100, kwa fiziotherapia 91, na kwa kusubiri 83. Waliosubiri tu waliwapita waliochomwa. Utafiti wa Australia wa mwaka 2013, uliohusisha watu 165, ulionyesha mwelekeo huohuo: maumivu yaliwarudia 54 katika kila 100 waliochomwa steroidi, ilhali kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa yaliwarudia 12.

Nilizielewa takwimu hizi kupitia mjomba wangu, fundi wa majahazi, aliyechomwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja katika zahanati ya binafsi.

"Mjomba, ile ya kwanza ilikusaidia kwa muda gani?" nilimuuliza.

"Mwezi na nusu, mwanangu. Nilirudi kwenye tezo kama kijana."

Na hapo ndipo penye hatari. Maumivu yaliondoka, kano ikabaki vilevile, naye akaitwisha mzigo wote kwa siku moja. Sindano ya pili ilimpa wiki tatu, ya tatu haikumpa kitu ila doa jeupe kwenye ngozi, ambalo ni athari inayojulikana ya steroidi na huonekana zaidi kwetu wenye ngozi nyeusi. Mwenye kisukari ajue pia kwamba sindano hii hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Mimi sishauri sindano kwa kano ya nje isipokuwa kwa mtu ambaye maumivu yanamnyima usingizi na ambaye atakubali kuupumzisha mkono baada ya kuchomwa, na hata huyo nisingemshauri arudie mara ya pili.

Mazoezi ni ya polepole, hayauzwi, na kwa sababu hiyo hayana mpiga debe. Yafanywe hivi kwa kano ya nje: laza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini na kining'inie nje ya ukingo, ushike chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ina uzito wa nusu kilo. Tumia mkono usiouma kuinua kiganja kile, kisha uondoe msaada na kukiteremsha polepole, ukihesabu hadi nne au tano. Rudia mara 15, pumzika, na ufanye hivyo mizunguko mitatu kwa siku. Kwa kano ya ndani geuza kiganja kitazame juu, mengine yote ni yaleyale. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakizidi nusu ya maumivu makubwa unayoyajua, au yakibaki hadi asubuhi, punguza maji chupani. Nusu kilo ikiwa nyepesi, panda hadi lita moja. Hesabu wiki 12 kabla ya kusema yameshindwa. Wengi huacha wiki ya tatu, wakati ambapo kano ndiyo kwanza imeanza kuitikia.

Kupumzika kabisa si sawa na kupunguza. Mkono ulionyimwa kazi kwa miezi huzidi kudhoofika, na kano dhaifu huumia kwa mzigo mdogo zaidi. Bora ni kubadili namna ya kufanya kazi. Kwa kano ya nje, nyanyua ndoo na sufuria kiganja kikitazama juu, kiwiko kikiwa karibu na mwili. Mpini wa tezo au wa nyundo ukiwa mwembamba, uuzungushie mpira wa tairi la baiskeli ili unenepe, kwa kuwa mpini mnene hauhitaji kubanwa sana. Shuka lizungushwe kwenye nguzo na kusokotwa kwa mwili wote badala ya vifundo. Anayekuna nazi nyingi azipeleke kwenye mashine ya sokoni kwa muda huo, ingawa najua wapo watakaosema tui la mashine si tui.

Mkanda wa kigasha, unaofungwa upana wa vidole viwili chini ya kinundu, huwasaidia baadhi ya watu wakati wa kazi na ni wa bei nafuu. Ufungwe kwa kadiri, uvuliwe usiku, na usitumike ikiwa una ganzi vidoleni. Diklofenaki ya kupaka inafaa kuliko ya kumeza, na ya kumeza isizidi siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au matatizo ya figo asiimeze bila daktari. Kuchuliwa kwa upole kwenye nyama ya kigasha hakuna ubaya, lakini kamwe isiwe juu ya mkono uliovilia damu. Upasuaji kwa kano hizi mbili ni wa wachache, baada ya miezi 6 hadi 12 ya kujaribu mengine kwa bidii.

Anayekwenda Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo kwa maumivu yaliyokuja polepole aombe kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, na aeleze kazi yake yote, pamoja na mkono anaoutumia na kifaa anachokishika. Aliyesikia mwaliko asiseme tu kwamba kiwiko kinauma, kwa kuwa atapangwa foleni ya wanaoumwa polepole. Aseme siku na saa ilipotokea, alichokuwa akikinyanyua, na aonyeshe mahali damu ilipovilia. Kisha aulize waziwazi kama kano imekatika na kama anahitaji rufaa ya Tumbi, Kibaha, au ya Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ili zile wiki tatu zisiishie kwenye benchi.